Nafaka ya Kincia

Ampek Angkek,
katikati ya mwezi wa Safar

Dada yangu Uni Des,

Assalamu alaikum. Kabla ya yote nipe habari ya afya yako. Kile kikohozi ulichoondoka nacho hapa kimekuachia? Na mguu unaokufa ganzi kwa kusimama kiwandani? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mama yetu Amak ni mzima. Magoti yanamkumbuka asubuhi tu, ikifika adhuhuri yamekwisha kumsahau, na anakuagiza ule wali, si tambi za pakiti. Mpunga wa bonde la nyuma ya nyumba umeanza kuinama. Mimi bado nakata vitambaa pale karakana ya nguo, na tajiri bado anadai mkono wangu unapinda kwenda kushoto.

Utashangaa kupata barua ya mkono kutoka kwa mtu unayeongea naye kwa simu kila Jumapili. Lakini simu yako hulazwa mezani, wenzako wa bwenini wakaiinamia wasikie habari za kwetu, na hii ya nyumbani Amak huisikiliza kutoka jikoni akijidai anatwanga pilipili. Kutwanga gani kusikotoa sauti? Ninayotaka kusema ni ya mtu mmoja, tena aliyekaa. Kwa hiyo tafuta pa kukaa.

Amak husema mimi nilipozaliwa nilimhesabu mkunga vidole kabla ya kulia. Sibishi. Sina moyo wa kuamini upesi, nawe unalijua hilo, maana katika nyumba yetu tuko wawili wa namna hiyo.

Basi nianze na vita vyetu vya kwenye kompyuta. Pengine unavijua kuliko ninavyodhani, lakini nivumilie nikusimulie kama mgeni, ili mwisho tuone kama hadithi yangu na yako ni moja. Nyuma ya pazia la kibanda cha kahawa cha Etek Rosma kuna kompyuta nne, na kila mwanamume wa hapa mwenye muda wa kupoteza ana kijiji chake humo ndani. Unajenga ukuta, ghala la nafaka, zizi la farasi. Unakusanya askari, unavamia vijiji vya wengine na kubeba nafaka yao. Sisi wa kibandani tumeungana kwa jina la Pembe, na mkuu wetu ni mjomba Mak Itam, ambaye tangu aache kuendesha basi la Jambi hajapata kitu kingine cha kuendesha isipokuwa sisi. Adui zetu wakubwa ni watu wa hapa hapa walioko ugenini, Pekanbaru na huko kwenu Batam. Wanatucheka kwamba tuliobaki tumebaki kulinda kuku.

Katika hao adui yupo mmoja anayejiita Kincia, jina la gurudumu la maji kama lile la kinu cha zamani. Kijiji chake ni cha wastani na ukuta wake si mrefu, lakini saa yake haikosei. Jeshi ukishalituma halikusikii tena. Litakwenda, litapiga, litarudi kwa mwendo ule ule, na likiwa njiani hakuna anayeweza kuligusa. Mak Itam hutufundisha hivi, akikoroga chai yake ya yai: ukimpiga mtu mapema utakuta nyumba tupu, na ukichelewa utakuta ameshatoka tena. Mngoje arudi, mpe sekunde moja ya kuvua viatu, halafu ndipo ubishe hodi. Kazi hiyo inataka ujue jeshi la mwenzio linarudi lini. Kama ni wewe uliyevamiwa, saa ya kurudi kwake utaikokotoa mwenyewe. Lakini kama alikwenda kumvamia mtu mwingine kabisa, utajuaje?

Kincia alijua. Tena alijua ya mtu mmoja tu kati yetu wote, naye ni Uda Mardison, mumeo.

Mara ya kwanza tulisema ni bahati. Uda Mar alituma wapanda farasi wake kwa mtu wa Medan asiyetuhusu, wakarudi, na wakati wanaingia tu Kincia akawa juu yao. Wakafa wote. Mara ya pili tuliacha kusema bahati. Mara ya tatu Mak Itam aliweka glasi yake chini. Maana mchezaji akiwa mbele ya kompyuta huona onyo jekundu mapema kabisa, huomba walinzi kwa wenzake, nasi tupo. Kincia alimjaribu siku nyingi, na kila alipomkuta Uda Mar amekaa kwenye kiti chake tulimjazia askari, Kincia akarudi kwao akichechemea. Lakini Jumatatu na Alhamisi kiti kilikuwa kitupu, onyo liliwaka peke yake, na siku hizo ndipo jeshi lilipokufa.

Kikulacho ki nguoni mwako, akasema Mak Itam, na kuanzia hapo akaanza kututazama nguo.

Mchezo ule unakuruhusu kuwapa watu ufunguo wa akaunti yako, wakutazamie kijiji ukiwa safarini. Ufunguo wa Uda Mar nilikuwa nao mimi. Anayeufungua mlango ule huona kila kitu, jeshi liko wapi na litarudi lini. Kwa hiyo mwenye kuvujisha lazima awe mmoja wetu wawili, na mimi ni mtoto wa nyumba, yeye ni mume aliyeoa akahamia kwetu. Wazee wetu wanasema mume wa namna hiyo ni majivu juu ya kisiki, upepo ukivuma hayapo. Nani ataanza kushukiwa, hilo halikuhitaji kompyuta.

Hapo maneno ya kibandani yakaongezeka chumvi. Unawajua watu wa pale. Mtu akianguka kwenye matope, kwanza watamuuliza maji yana baridi kiasi gani. Walimuuliza kama yeye ni kamanda au ni bawabu wa kufungulia adui. Etek Rosma alimletea ndizi za kukaanga akamwambia kwa jina lake la heshima, "Kula, Sutan, kula. Wali ni wa mke, jeshi ni la adui, chako hapa ni kiti tu." Uda Mar akamjibu kwa upole, "Hata kiti ni chako, Etek. Mimi nakipasha moto tu." Watu walicheka, naye alicheka, ila mimi niliyekaa karibu naye niliona ndizi hakuigusa.

Nikajiuliza Jumatatu na Alhamisi anakwenda wapi. Nilipomuuliza alisema kazini. Nikaenda kutazama kile kibanda chake cha cherehani siku ya Alhamisi, nikakuta kufuli, na kutu imeanza kwenye kufuli. Jumatatu iliyofuata nikamdanganya tajiri kwamba jino linaniuma, nikaazima pikipiki, nikamfuata hadi gulio la Baso. Nilimwona kwa mbali kati ya wauza samaki wakavu na wauza visu. Alikuwa amekaa juu ya mkeka mmoja na mwanamke anayeuza vifungo na nyuzi. Mvua ilipoanza walivuta turubai moja wakajifunika wote wawili, kila mmoja ameshika pembe yake, na mwanamke yule akamsogezea kikombe. Sikwenda karibu. Niligeuza pikipiki nikarudi nimelowa, na njia nzima nilikuwa namtukana mumeo kwa niaba yako.

Nilimweleza Mak Itam peke yake, au nilidhani ni peke yake, maana pazia la Etek Rosma lina masikio kuliko kuta. Etek akatokeza kichwa akasema hilo si jipya, yeye alilisikia kitambo kwa wauza samaki, na aliyepaswa kuambiwa alikwisha kumwambia. Sikumuuliza ni nani. Ningemuuliza siku ile, barua hii ingekuwa fupi.

Lakini kilichommaliza Uda Mar si mwanamke wa vifungo. Ni nafaka. Nilichukua ufunguo wangu nikaingia katika akaunti yake bila kumwambia, nikapekua taarifa za nyuma moja moja. Nikakuta kitu ambacho hatujapata kukiona katika vita hivi. Kila Kincia alipoua jeshi na kubeba nafaka ya ghalani, kesho yake msafara wa punda ulitoka kijijini kwa Kincia ukaja kushusha nafaka katika ghala la Uda Mar. Ilikuwa ile ile iliyobebwa, haikuzidi wala kupungua. Naye hakutuambia kitu. Nilimwita Mak Itam aone kwa macho yake. Alivaa miwani, akasoma, akavua miwani, akasema ile ndiyo bei ya usaliti, na kwamba katika maisha yake yote barabarani hajamwona jambazi anayerudisha mzigo bila kuwa na mtu wake ndani ya basi.

Uni, nilimwamini. Hata wewe ungekuwa mimi ungemwamini.

Ijumaa baada ya swala tukakaa kibandani, wanaume wote wa Pembe. Wacheza domino nao wakaacha kugonga meza. Unajua desturi; sisi wadogo tunamwita Uda, wakubwa wanamwita Sutan, jina tulilompa siku ya harusi, na jina lake la utotoni hakuna mkubwa wa kwetu mwenye ruhusa ya kulitamka mbele yake. Mak Itam akasema, "Mardison." Akalisema hivyo hivyo, likiwa tupu. Akamtaka aeleze nafaka ya Kincia inakuja kwake kwa mapatano gani, na Jumatatu na Alhamisi anakwenda kuonana na nani. Mtu wa nyuma akatania kwamba pengine anaposwa upya na nyumba nyingine. Safari hii hakuna aliyecheka sana.

Uda Mar hakukasirika. Aliniuliza mimi, si Mak Itam, nani mwingine ana ufunguo wake. Nikasema ni mimi tu. Akanitazama kwa muda, kama fundi anavyomtazama mteja anayesisitiza kwamba kipimo chake hakijabadilika. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananipa nafasi nikumbuke, au ananipima kama najua. Halafu akamgeukia mjomba akasema, "Basi na iwe hivyo, Mak." Akamaliza kahawa yake, akawaaga watu mmoja mmoja, akatoka.

Ilipofika alasiri alikuwa ameweka nguo zake katika begi, amembusu Amak mkono, na ameondoka kwenda kwao Solok. Cherehani ameiacha. Amak anaamini amekwenda kumwona mama yake, na ndivyo alivyokuambia Jumapili. Nilikuwa nimesimama karibu na simu. Nilikusikia ukauliza tu kama alichukua koti la baridi. Swali hilo lilinikaa.

Tulikuwa tumeshinda, lakini ushindi ulinikwama kama mfupa wa samaki. Kama yeye ndiye aliyekuwa akivujisha, sasa yuko mlimani kwenye vitunguu vya mama yake, hana kompyuta. Basi Kincia hawezi kujua kitu tena. Nikaamua kujaribu. Nikaingia katika akaunti ya Uda Mar kwa ufunguo wangu, nikachukua wapanda farasi wachache waliobaki, nikawatuma mbali kabisa, kwenye kijiji kilichohamwa ambacho hakina mtu wa kutoa habari. Sikumwambia Mak Itam wala mtu mwingine. Nikampigia simu Uda Mar kwa kisingizio cha kuuliza funguo za kibanda cha cherehani, nikasikia majembe na watu wakiitana shambani. Halafu nikaagiza kahawa nikakaa.

Kabla kahawa haijapoa, onyo jekundu likawaka. Kincia. Shambulio limepangwa lifike sekunde moja baada ya farasi wangu kurudi nyumbani. Sikuomba walinzi. Niliacha lifike, na lilifika kama lilivyoandikwa. Kesho yake nilirudi pale pale, na punda wakaja na nafaka. Niliitazama ile nafaka mpaka Etek Rosma akaniuliza kama kompyuta imekufa au nimekufa mimi.

Uni, palikuwa na ufunguo wa tatu. Siku moja kabla hujapanda meli kwenda Batam ulikuja nyuma ya pazia ukakaa karibu na mumeo, Etek Rosma akilalamika kwamba mwanamke kwenye kompyuta analeta nuksi. Ukamwambia Uda Mar akupe ufunguo, ili akilala wewe umtazamie kijiji kutoka huko. Mlicheka sana siku ile. Baadaye ukasema kiwanda hakikupi nafasi ya michezo, sote tukasahau. Nikakumbuka na jambo jingine. Ulipokuja Idi ya Kuchinja, siku zote ulizokuwa hapa vita viliendelea kwa kila mtu, ila Kincia alikaa kimya. Na siku zote hizo ulikuwa unamtazama mumeo kama mnunuzi anayetafuta tobo kwenye kitambaa kizima.

Kincia ni wewe.

Sikuandiki kwa hasira. Nimekwisha kukasirika, nimemaliza. Najua sasa ni Etek Rosma aliyekupigia simu kukuambia mumeo anaonekana magulioni na mwanamke, na najua hukumuuliza Uda Mar, kwa sababu mtu anayeulizwa ana nafasi ya kupanga jibu. Ukaona mchezo haudanganyi. Ukiona jeshi lake liko nje, unatuma lako, unalipima lifike wakati lile linavua viatu. Akiomba walinzi, yuko kibandani kwenye kiti chake. Jeshi likifa, yuko kwingine. Wenzako huuliza kwa simu, wewe umeuliza kwa askari. Nami ningefanya vile vile, ndiyo maana nakutambua. Lakini hesabu hiyo ilikuwa inakuambia mahali asipokuwepo tu. Alipokuwa haikukuambia, wala mimi haikuniambia.

Nilikwenda Solok. Nilimkuta Uda Mar mikono inanuka vitunguu, akanikaribisha kama mgeni kabisa, kahawa na sahani, jambo lililoniumiza kuliko kama angenifukuza. Nikamwambia ninachokijua. Hakushtuka. Akasema alijua tangu msafara wa kwanza wa punda. Nikamuuliza alijuaje. Akasema, "Jup, mwanamume wa ugenini akibeba nafaka yako anakula na kukutumia matusi. Nani huku kwetu anavunja ghala halafu anarudisha alichochukua? Kwa desturi ghala ni la mwanamke. Hawezi kuiba kwake." Akaniambia kila punda walipokuja alifurahi, ingawa jeshi lilikuwa limekufa, kwa sababu alijua bado unajihesabu kuwa mwenye nyumba.

Nikamuuliza mbona hakusema pale mbele ya Mak Itam. Akasema angesema nini? Kwamba mkewe anampiga kwenye kompyuta? Watu wa kibandani wangekula hadithi hiyo hadi wajukuu wao, na jina ambalo lingezunguka midomoni ni lako, si lake. Yeye ni mtu wa kuja, akasema, akienda ameenda. Wewe unapaswa kurudi na kuishi pale.

Sasa habari ya magulio. Oda za kushona zilikwisha mwaka jana. Karakana kubwa, na ile yangu mojawapo, zimenunua mashine na hazipeleki tena kazi kwa mafundi wa vibandani. Hakutaka ujue, maana ulikwenda Batam kwa ahadi kwamba mtasukuma pande zote mbili, na yeye upande wake ulikuwa umesimama. Kwa hiyo anakusanya vipande vya kitambaa vinavyobaki, anashona nguo za watoto, na Jumatatu anaziuza Baso, Alhamisi Sungai Tarab, akiwa amekaa chini kama wauza mitishamba, mahali ambapo hapana mtu wa kwetu wa kumcheka. Nusu ya mkeka ule niliouona ni wake. Nusu nyingine ni ya yule mwanamke.

Kuhusu yeye sikufichi kitu, maana ningekuficha ungejua. Ni mjane, na si mzee. Uso wake ni mzuri. Nilimuuliza Uda Mar moja kwa moja, na nilikuwa namtazama macho, sikutazama mdomo. Alisema wanagawana kodi ya mahali na turubai, na kwamba kila wiki mwanamke yule humuuliza kama mkewe amekwisha kurudi, naye humjibu bado. Nilitafuta uongo katika jibu hilo kwa bidii niliyozaliwa nayo, sikuupata. Wewe utafanya utakavyo nalo.

Nikamwomba turudi wote. Unajua mume aliyetoka kwa kuvunjiwa heshima harudi kwa miguu yake mwenyewe; watu wa mke ndio wanaomfuata, nami nilikuwa nimebeba vyote vya heshima, tambuu, popoo na keki ya Amak. Alivipokea kwa adabu, akaviweka kando yangu tena. Akasema mimi sikumpiga, kwa hiyo si mimi wa kumchukua. Halafu akaniuliza swali, kwa sauti ya chini, ili dada zake wasisikie. Aliuliza kwa nini mwanamke mwenye simu anamuuliza mumewe kwa jeshi. Akauliza kama huko Batam pana mtu aliyekufanya usitake kusikia sauti yake. Nikasema sijui. Uni, natamani ningesema hapana, lakini unanijua, sisemi nisichokijua. Basi swali lake nakuletea kama alivyolisema, wala usinitume mimi nirudishe jibu.

Dada zake hawajakaa bure. Wanasema wakimaliza Maulidi, kama hakuna mtu wa nyumba yetu aliyekuja kwa njia inayofaa, wao watahesabu ndoa imekwisha, na mwalimu mmoja wa kike wa shule ya pale kijijini tayari anaalikwa chai mara nyingi kuliko inavyohitajika. Uda Mar hasemi ndiyo wala la. Anavuna vitunguu.

Mak Itam hajui lolote. Bado anamwita msaliti, na jina lake limefutwa katika Pembe. Nikimsafisha yeye nitakuchafua wewe, nikikunyamazia wewe naacha mtu asiye na kosa aitwe mwizi katika kijiji kizima. Nimelifikiri hili nikikata vitambaa mpaka nimeharibu vipande viwili. Sitafungua mdomo kabla ya kusikia kutoka kwako, lakini sitaufunga milele. Na ukija, usije kwa Amak kwanza. Shukia Solok.

Mpe salamu kila anayetuulizia huko, hasa yule mama wa Pariaman anayekupikia ukiwa na homa. Amak anakusalimu, Etek Rosma anakusalimu kwa mdomo ule ule, na paka amezaa ndani ya kikapu chako cha ukili, sikuthubutu kumtoa. Mungu akulinde kwenye mashine na kwenye njia.

Nilikuwa nimekwisha kuifunga barua hii nikaifungua tena. Leo mchana nilijaribu kuingia katika kijiji cha Uda Mar, nikakuta ufunguo wangu haufungui. Nikampigia simu. Akasema alitembea hadi mjini kutafuta kompyuta ya kukodi, akabadilisha neno la siri na kufuta funguo alizogawa, asichoke kufikiria nani anaingia na nani anatoka. Nikamwambia amefanya vizuri. Akasema ila mmoja ameuacha, hakuugusa. Wangu haufungui; jaribu wako.

Mdogo wako,
Jufrinal (Jup)